Mpira Nyuma ya Redio

"Mpira wa fundi si uchafu." Ndivyo alivyowaambia Bi Kalunde asubuhi ya leo, mmoja wenu alipotaka kulifungua lile tambara jeusi kwenye mguu wa kiti chake, nanyi mkacheka, maana kiti chenyewe hakina mpira wala hamkuona fundi pale. Basi kaeni. Methali hiyo wahenga wa kale hawaijui. Ilizaliwa hapa hapa Tabora, na waliokuwepo siku hiyo wengine wetu bado tunapumua. Ilianza hivi.

Bi Kalunde alipokuwa msichana aliishi na kaka yake, Masudi, kinyozi. Nadhifu huyo! Hata fulana ya ndani aliipiga pasi. Mama yao alikwisha kufariki, na baba yao, Mzee Nkwabi, kiharusi kilimwacha hawezi kusimama. Mzee alikuwa na gari la Kiingereza la zamani, jeusi, alilolitunza tangu enzi zake za kazi ya reli. Hamu yake ilibaki moja tu: siku Kalunde atakapokwenda kwa mumewe, ampeleke yeye mwenyewe ndani ya gari hilo, muziki ukilia. Watu wakasema si desturi, baba hamsindikizi bintiye. Mzee akajibu kwamba mama wa mtoto hayupo na miguu yake mwenyewe haipo, kwa hiyo wamwachie walau hilo.

Masudi alimpenda baba yake kupita kiasi. Gari lilikuwa halina redio, akanunua mpya, ya kisasa, yenye taa za buluu, akalipeleka gari kwa Fundi Mlekwa.

Mlekwa alikuwa hodari wa umeme wa magari, lakini mchoyo wa maneno. Akifanya kazi alimpa mteja mgongo, asije akaibiwa ujuzi kwa macho. Ndivyo alivyofundishwa, na aliyemfundisha naye ndivyo alivyofundishwa. Wateja nao walijua adabu yao: fundi hapekuliwi. Siku hiyo alichana tyubu ya baiskeli, akaiviringisha redio yote kwa vipande vya mpira, ndipo akaisukuma mahali pake kwenye dashibodi. Ikaimba vizuri sana. Ila kingo za mpira zilichungulia kandokando, zimechanwachanwa ovyo.

"Fundi, na huu mpira?" akauliza Masudi.

"Uache hapo hapo," akasema Mlekwa, akaenda kunawa mikono.

Masudi hakuuliza tena. Kuuliza mara ya pili kungekuwa kumwambia mtu mzima hajui kazi. Moyoni alijisemea kwamba fundi amekosa skrubu, anaona haya kusema.

Asubuhi ya harusi aliliosha gari hadi likang'aa, akalifunga maua. Kila alipotupa jicho ndani, aliuona ule mpira. Bibi harusi apande gari lenye matambara? Akaivuta redio, akaubandua mpira wote, akautupa jaani, akairudisha redio mahali pake. Uso wake wa plastiki ukashika barabara kwenye tundu. Akaiwasha, ikaimba. Laiti ingezima palepale! Lakini iliimba, naye akatabasamu, akaenda kumbeba baba yake.

Wakaondoka, Masudi kwenye usukani. Mzee Nkwabi alikaa mbele kwa kanzu mpya, Kalunde nyuma peke yake, kwa kuwa shela lake lilijaza kiti kizima. Majirani walifuata nyuma kwa miguu na baiskeli, vigelegele mtindo mmoja. Mzee alikuwa akiimba. Masudi alimtazama kwa pembeni, na nadhani hapajawahi kuwa na kijana mwenye furaha kama yake siku hiyo.

Njia ilikuwa na mashimo. Kwenye shimo moja gari likaruka, redio ikakatika. Halafu ikaja harufu ya plastiki inayoungua, halafu moshi kutoka chini ya dashibodi. Masudi akazima ufunguo. Haikusaidia kitu, kwani waya wa redio ulitoka moja kwa moja kwenye betri. Alipofungua mlango wake, ndimi za moto zilikuwa zimekwisha kutokeza.

"Mtoe mwenzio!" Mzee akapiga kelele. "Mimi baadaye! Mtoe mwenzio!"

Alimtii. Akamvuta Kalunde, shela likanasa mlangoni, likashika moto, likamuunguza mkono, akalipiga kwa mikono yake mitupu mpaka likazimika. Alipogeuka, kiti cha mbele hakikuonekana kwa moshi. Alimtoa baba yake, na Mzee Nkwabi alikuwa bado anapumua, lakini jioni hakuifikia.

Siku ya pili ya matanga Fundi Mlekwa alikuja, ametoka kulitazama gari. Hakukaa.

"Masudi, mpira uko wapi?"

"Niliutupa. Ulikuwa mchafu."

"Haukuwa uchafu ule, mwanangu." Kisha, mbele ya watu wote, akaeleza. Gari lile la zamani lilifungwa umeme kinyume na magari ya leo: bodi lake lote lilishika upande wa chanya wa betri. Redio za leo gamba lake la chuma ni hasi. Vyuma hivyo viwili vikigusana, ni moto. "Kilichovitenganisha ni mpira tu."

"Nilikuuliza, fundi."

"Nami nikakwambia uuache."

"Hukuniambia kwa nini! Haya maneno uliyoyasema sasa hivi, ungeyasema siku ile yangekupunguzia nini?"

Mlekwa akavua kofia, akajifunika nayo uso, akalia kama walivyolia wafiwa. Tangu siku hiyo hakumpa tena mteja mgongo. Alieleza kila waya, mtu atake asitake. Wenye kuweka kitu bila kueleza na wenye kukitoa bila kuuliza, wote waliondoka matangani na neno lile la mpira usio uchafu, kila mmoja akijua fungu lake la lawama.

Kalunde aliolewa baada ya arobaini, kimyakimya, bila ngoma wala redio. Asubuhi ya kuondoka, kaka yake alikuwa akimsafishia kiti cha baba yao aende nacho. Akaliona tambara jeusi, limefungwa mafundo manene kwenye mguu mmoja. Mkono wake ukaenda kulifungua, kama ulivyozoea, kisha ukasita.

"Nani alifunga hili?"

"Baba," akasema Kalunde.

"Kwa nini?"

"Sijui. Sikumuuliza."

Masudi akakaa chini pale pale sakafuni, akakilaza kichwa chake kwenye kile kiti, na wa kumuuliza hakuwepo tena. Tambara hawakuligusa. Ndilo mlilolicheka leo, na mkono alioutoa Bi Kalunde ndani ya khanga kuwazuia ni ule wa kushoto, wenye makovu. Mpira wa fundi si uchafu.