Kwa Nini Wamaya Hawaufichi Mshono

Sifa ni zake Yeye aliyeuvika usiku giza na mchana nuru, akalivika ua rangi kabla hajamfunza mwanadamu kushika uzi, naye Mwenyewe hahitaji vazi. Na baada ya sifa, enyi mlioketi, jueni kwamba asili ya kisa hiki si kwetu. Asili yake ni kwa Wamaya, watu wa milima mirefu ya Gwatemala, ng'ambo ya bahari kuu, ambao kwao mwanamke akipita njiani hujulikana mji wake kwa vazi lake kabla hajatoa salamu. Vazi hilo huitwa wipili, na katikati yake hupita mshono wa rangi nyingi unaong'aa kama njia iliyonyeshewa mvua. Mafundi wa kwingineko huificha mishono yao. Hao wao huionyesha. Basi sikilizeni ilivyokuwa.

Zamani za kale watu wote wa milima ile walivaa nyeupe. Pamba ilichumwa nyeupe, ikasokotwa nyeupe, ikafumwa nyeupe, hata mtoto sokoni aliweza kumfuata mama asiye wake mpaka kwenye mlango asioujua. Wakachoka. Wakamwomba Bibi wa Mwezi, ambaye kwa imani yao ndiye mfumi wa kwanza, awaonyeshe nguo yenye uhai. Nasi twajua kwamba juu ya kila fundi yuko Fundi. Alfajiri moja maombi yakajibiwa. Nguo ikatandazwa mbinguni kutoka upeo hadi upeo! Wanawake wakatoka mbio, wengine unga wa mahindi ungali mikononi, mioyo ikiwadunda kama ngoma za arusi. Nguo ile ilikaa juu kwa muda wa chungu kuchemka, kisha jua likaikunja.

Siku hiyohiyo kila mji ukaanza kutia nyuzi rangi na kufuma ulichokiona. Mji wa Pahuyu, ulioketi begani mwa mlima, ulifuma nguo nyekundu yenye vilele vinavyopanda na kushuka, na pembeni, penye pindo, ndege wa kifua cha kijani asiye na mkia. Mji wa Chiya, ulio ukingoni mwa ziwa, ulifuma nguo ya buluu yenye mawimbi, na penye pindo matete marefu ya kijani yaliyoinama. Kila mji uliapa kwamba wenyewe ndio walioiona nguo ya Bibi, na jirani aliota tu. Watu wa Chiya walisema kwamba Pahuyu ndege hunyonyolewa nyuma kabla hajachinjwa. Watu wa Pahuyu wakajibu kwamba ndege wao ana mbio mno, mkia haujamfikia bado, na kwamba wanawake wa Chiya wamejivika malisho ya vyura. Miaka ikapita, utani ukageuka matusi, matusi yakafunga njia, na chumvi ya ziwani ikakoma kupanda mlimani.

Ndani ya ugomvi huo alikuwamo Ishkotsi, binti wa Chiya aliyeolewa Pahuyu, kabla njia hazijafungwa, na mkulima wa mahindi jina lake Batsi. Alipopanda mlima alichukua kapuni nguo ya buluu aliyofumiwa na mama yake, Imoshi, na kila alipoikumbuka harufu ya ziwa aliifunua kidogo akaifunika tena. Kisha akajaliwa mtoto wa kike. Na desturi yao ni kwamba mtoto hapewi jina mpaka avae wipili yake ya kwanza, iliyofumwa na mama yake, mbele ya mji mzima.

Mama mkwe wake, Kawoki, ndiye aliyekuwa mkuu wa wafumi wa Pahuyu. Alimwita mkamwana wake akamweleza bila kupandisha sauti kwamba mtoto atavaa nyekundu tupu, na kwamba siku ya jina nguo ya buluu itatiwa motoni uwanjani, mama wa mtoto akiitupa kwa mkono wake. Akikataa, atateremka ziwani peke yake, na mtoto atabaki kwa baba yake. Batsi alimtetea mkewe hata sauti ikamkauka, lakini mambo ya uzi kwao yalikuwa ya wanawake. Ishkotsi akalia. Mkataa kwao ni mtumwa, nafsi ilimwambia. Na maziwa kifuani yakamwambia neno jingine.

Akaketi kufuma. Kitanda cha kufumia cha kule hakina miguu. Ncha moja ya mtande, yaani nyuzi za urefu, hufungwa mtini, na ncha ya pili hushikwa na ukanda uzungukao kiuno cha mfumi, naye huegemea nyuma ili nyuzi zikazike. Kwa hiyo nguo haiwezi kuwa pana kuliko mikono yake inavyofika, na kila wipili ni vipande viwili vilivyounganishwa, na mshono siku hizo ulifichwa kwa uzi wa rangi ileile, ili nguo ijifanye ni moja. Ishkotsi alimaliza kipande cha kwanza chekundu, akatanda nyuzi za cha pili. Hapo moyo ukamshinda. Akaitoa nguo ya buluu kapuni ili aiage, akailaza magotini kando ya ile nyekundu, pindo kwa pindo.

Akatazama. Akafuta machozi, akatazama tena. Mstari wa kilele cha mwisho cha Pahuyu ulishuka, ukavuka pindo, ukawa wimbi la kwanza la Chiya. Na yale matete ya kijani yaliyoinama yalianzia palepale ndege alipokatikia. Hayakuwa matete. Yalikuwa mkia!

Akaruka kwenda kumwita mumewe, akasahau kwamba kiuno chake kimefungwa mtini; ukanda ukamrudisha akaanguka chali, na batamzinga wakatawanyika uani. Akacheka palepale chini hata mtoto akaamka akacheka naye.

Siku ya jina ilipofika, Imoshi alikuwa amepanda kutoka ziwani kumwona mjukuu, na watu wa Pahuyu wakampisha kama mtu anayepisha moshi. Moto uliwaka uwanjani. Ishkotsi akaja na wipili ndogo, nusu nyekundu, nusu ya buluu aliyoifuma kwa kufuatisha nguo ya mama yake, na katikati mshono alioushona kwa rangi zote alizokuwa nazo. Uwanja ukavuma. Kawoki akaikwapua, akauelekea moto.

"Mama," alisema Ishkotsi, "kabla hujaitupa, mfuate ndege wako kwa kidole. Tazama anakokwenda."

Kawoki alikuwa mfumi kabla hajawa mkuu, na kidole cha mfumi hakiwezi kukataa uzi. Kikapita kifuani mwa ndege, kikapita mgongoni, kikafika penye mshono. Kikasita. Kisha kikavuka, kikateremka na mkia ule mrefu mpaka ulipoishia majini.

"Maisha yangu yote," akasema Kawoki, "nimefuma ndege asiyeweza kuruka."

"Nami nimefuma manyasi yaliyotaka kuruka, mkwe wangu," Imoshi akamjibu, na hao wawili wakacheka hata wakashikana mabega.

Kawoki mwenyewe akamvisha mtoto. Kichwa kikajitokeza katika tundu la shingo, kati ya mlima na ziwa, kama jua linalochomoza. Uwanja ukapasuka kwa vigelegele! Mabinti wakataka papo hapo kufuma nguo nzima ya Bibi, kila mmoja ya kwake. Kawoki akawakataza. Nguo ile, aliwaambia, ni pana kuliko mikono ya mwanamke yeyote. Kila mji utunze kipande chake kama amana, na mshono usifichwe tena, ili kila avaaye akumbuke kwamba nguo yake inaendelea kwa jirani. Wajumbe wakatumwa milima yote kuuliza pindo la nani linaanza na nini. Huku umeme, kule hindi, kwingine ua. Na chumvi ikapanda tena mlimani.

Na tangu siku hiyo, kila mji wa Wamaya huvaa rangi zake na alama zake, na mshono wa wipili hung'aa kifuani mbele ya macho ya watu, na anayeivaa husimama katikati ya dunia kila anapopenyeza kichwa.

Mola awavike, enyi mliosikiliza, vazi la stara lisilochakaa, na awajalie jirani ambaye pindo lake linaanzia pale lenu linapoishia. Amina.