Nyumba Hii Ina Giza?

Mtu mmoja alikuwa na umeme wake mwenyewe. Jina lake Senkondo, na alikaa katika mji mdogo wa mlimani, mahali ambapo nguzo za shirika la umeme zilifika zikiwa zimekwisha kuchoka, na upepo ukazimalizia. Alikuwa na bucha, na nyuma ya bucha sebule ya wageni yenye feni. Alipochoshwa na mishumaa alinunua paneli za jua, akazipanga juu ya bati, akanunua na betri. Tangu siku hiyo giza lilipoushukia mji liliikwepa nyumba yake, kama mdeni anavyolikwepa duka.

Fundi aliyemfungia alimwonya. Nyumba ya namna hii, alisema, inahitaji swichi ya kugeuza: upande mmoja jua, upande wa pili shirika, na kamwe si zote mbili kwa pamoja. Maana waya hauna mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Njia inayokuletea umeme wa watu ndiyo hiyo hiyo itakayoutoa wa kwako, ufike kwenye transfoma, ukuzwe huko, upande laini kubwa ukiwa na nguvu ya kuua. Senkondo alisikiliza vizuri. Kisha akauliza kama taa zitapepesa wakati wa kugeuza. Fundi akasema ndiyo, kidogo tu, kama mtu anavyofumba jicho.

Senkondo akakataa. Hakutaka mji uione nyumba yake ikifumba jicho. Nyaya zikaunganishwa moja kwa moja, ikabaki swichi kuu peke yake, ya kuzimwa kwa mkono kila shirika linapokata, ili umeme wake usitoke nje. Mwanzoni aliizima. Baadaye makreti ya soda yakapangwa mbele ya swichi hiyo.

Mkaguzi alikuja, kwa kuwa wakaguzi huja. Alikula mbavu, akasifu pilipili, akabandika mlangoni karatasi ya kijani iliyoandikwa IMEKAGULIWA. Wala hakusema uongo. Mlango ulikuwa umekaguliwa.

Senkondo alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja, Eliakimu, fundi wa laini wa shirika. Kanuni iliwataka mafundi, kabla ya kugusa waya, waufunge mnyororo wa kuteremsha ardhini umeme wowote uliosalia. Lakini minyororo yao ilikuwa imeitwa makao makuu kuchunguzwa kama ni salama, na huko makao makuu ilikuwa salama kabisa. Basi mahali pa mnyororo likabaki neno. Yule atakayepanda, yeye na si mwingine, alipita kila nyumba yenye jenereta au paneli, akasimama mlangoni, akauliza: "Nyumba hii ina giza?" Na mwenye nyumba, yeye na si mtoto wala mtumishi, akajibu: "Ina giza." Ndipo fundi alipovaa viatu vyake vya chuma vya kupandia nguzo. Hakuna aliyekumbuka nani aliianzisha desturi hiyo. Hata walevi waliijibu kwa ukweli, maana walijua kwamba mtu anaondoka pale mlangoni akiwa ameuweka uhai wake ndani ya jibu lao.

Kanuni ilisema pia fundi aingie, aone kwa macho. Eliakimu aliingia nyumba zote isipokuwa moja. Mdogo haingii kwa kaka yake kupekua kama askari wa magendo.

Ikatokea siku moja, mchana, upepo ukaikata laini kubwa karibu na bucha. Shirika likazima kule kituoni. Siku hiyo kamati ya wilaya ilikuwa sebuleni kwa Senkondo, ikipanga sherehe za Wiki ya Usalama wa Umeme. Walimchagua yeye kwa sababu mji mzima haukuwa na feni nyingine ya kutegemea. Walikuwa wamefika kwenye ajenda ya fulana.

"Hodi! Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Ishia hapo hapo na matope yako, nina wakubwa ndani."

"Nawasikia. Hizo ni sauti za watu walioshiba." Eliakimu akacheka, kisha akaacha kucheka, kama desturi ilivyotaka. "Haya, kaka. Nyumba hii ina giza?"

Senkondo alisimama kizingitini. Nje jua lilikuwa kali, na mchana taa ya ndani haionekani. Feni ilikuwa inanguruma nyuma yake, lakini upepo wa mlima ulinguruma zaidi. Aliyafikiria makreti, yalivyo mengi. Alimfikiria mwenyekiti wa kamati akijifuta jasho. Akawaza kwamba atajibu kwanza, kisha ataenda kuzima.

"Ina giza," akasema.

"Hata friji la nyama?"

"Mdogo wangu, mimi nikudanganye?"

"Basi niwekee maini. Nikishuka nakula kwako."

Senkondo alipogeuka, kamati yote ilikuwa inamtazama. Mwenyekiti akainua macho, akaiangalia taa iliyokuwa ikiwaka juu ya upara wake, akasema, "Kumbe tuko gizani, waheshimiwa! Mwenye kiberiti atuokoe." Wakacheka. Si kwamba hawakujua. Wawili kati yao walikuwa wamehudhuria semina ya jambo hilo hilo, na vyeti walipewa. Lakini kila mmoja alikuwa akimsubiri mwenye cheo kinachofaa kusema, naye mwenye cheo ndiye aliyekuwa amefanya mzaha.

Senkondo akacheka pamoja nao, na ndani ya kicheko hicho hofu ikamshika. Aliona jambo ambalo hakuliona alipokuwa mlangoni. Taa ikiendelea kuwaka, neno lake litabaki mzaha. Akienda kuzima, mbele ya watu wale, litakuwa uongo.

Kutoka nje ikasikika sauti ya chuma kikiuma mti. Ko. Ikanyamaza. Ko.

Alijiambia kwamba nguzo ni ndefu. Alijiambia kwamba Eliakimu hana haraka, kwamba bado hajafunga mkanda, kwamba atasimama kwanza kuwatania walio chini, ndivyo alivyo tangu utoto. Mwenyekiti akamwuliza maoni yake kuhusu rangi ya fulana, naye akajibu, na baadaye hakuweza kukumbuka alitaja rangi ipi. Jasho lilimtoka chini ya feni. Macho yake yalikwenda kwenye makreti, yakarudi kwa wageni, yakaenda tena. Miguu haikwenda. Alikuwa na hofu mbili, kubwa na ndogo, na ile ndogo ndiyo iliyokuwa imekaa karibu naye.

Ko.

Mkewe, Nakundwa, akaingia na sinia la nyama kutoka jiko la uani. Akaisikia ile sauti. Akaitazama feni, kisha akamtazama mumewe usoni, na uso ule ukamtisha.

"Baba Mbonea, nani yuko juu?"

"Eliakimu."

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

Senkondo akamsogelea, akainamisha kichwa, akanong'ona ili wageni wasisikie: "Nikizima sasa, watasema nilimdanganya."

Nakundwa aliliachia sinia. Alikimbia akiwaruka waheshimiwa miguu, akipiga kelele, "Shemeji! Usiguse! Shemeji, usiguse!" na upepo ukazichukua kelele zake ukazipeleka bondeni, kusikokuwa na mtu.

Hakuwahi kufika kizingitini. Taa ikapepesa. Mara moja, kidogo tu, kama mtu anavyofumba jicho. Kisha ikawaka vizuri kama kawaida, na feni ikaendelea kuzunguka.

Ile sauti ya chuma haikusikika tena. Eliakimu aliteremshwa kwa kamba.

Kamati ilisimama dakika moja kwa ukimya, kila mtu akiwa ameinamisha kichwa, na shati lake likipepea kwa ule ule upepo wa feni. Taarifa yao ilitaja hali mbaya ya hewa. Ilipendekeza fulana ziwe nyeusi. Senkondo alingoja kulaumiwa, siku hiyo na siku zilizofuata, na hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa kumlaumu yeye kungehitaji mtu aseme alikuwa ameketi wapi. Hilo ndilo lililomtisha kuliko yote: kwamba jambo lenyewe lilifichika kirahisi hivyo.

Siku ya tatu alifungua friji la nyama. Maini yalikuwa pale, kwenye sahani, yamefunikwa. Alikuwa ameyaweka alivyoombwa, kabla hajarudi kuketi na wageni. Yalikuwa baridi, mazima, hayajaharibika hata kidogo.

Aliondoa makreti, akazima. Lakini desturi ya mlangoni ilikuwa imekwisha kufa pale mlimani. Mafundi siku hizi hawaulizi. Wanaingia nyumba zote, wakiwa kimya, hawamtazami mwenye nyumba usoni, na wanashika swichi kwa mikono yao wenyewe. Wanapotoka, hakuna anayeagiza kuwekewa chakula.

Nawe unayenisikiliza chini ya taa hii: yule aliyepanda leo kwa ajili yako, aliondoka mlangoni pako na neno gani?