Kuku Kwenye Mashua ya Kuokolea

“Afugaye kuku mashuani ajue kuogelea.” Ndivyo alivyowaambia fundi Hatibu leo, alipoona mmeziba kwa maboksi mlango wa nyuma, wa kukimbilia moto ukizuka, nanyi wajukuu zangu mkacheka mpaka chai ikawapalia. Haya, chekeni. Ila methali hiyo ilizaliwa hivi.

Wakati wa vita vya pili vya dunia, mjomba wangu Makame wa Pemba alikuwa baharia kwenye meli ya mizigo ya nchi isiyopigana na mtu. Bendera ilichorwa ubavuni, kubwa kama ukuta wa msikiti, ili nyambizi ziione zipite zao. Mpishi alikuwa mtani wake, Maganga, Mnyamwezi wa Tabora. Mchuzi wake ulisifiwa melini kote, lakini maji yaliyopita magoti hakuyajua.

Maganga aliona mashua ya kuokolea imekaa bure, ina kivuli cha turubai. Akafungia humo matenga ya kuku kwa waya. Nahodha akala mayai, akanyamaza.

“We Mnyamwezi, toa kuku wako,” Makame akamwambia. “Mashua hiyo ni ya watu.”

“Watu gani? Sisi tumegombana na nani?”

“Na nyambizi ikikosea?”

“Itaomba radhi, nami nitaikaangia yai. Mpemba mzima unaogopa kivuli cha samaki!”

Makame akacheka, yakaishia hapo. Utani mtamu, wanangu, lakini siku ile uliwashinda wote wawili.

Asubuhi moja yenye ukungu, nyambizi haikusoma bendera. Kombora lilipasua ubavu uleule uliochorwa. Mashua ya upande huo ikawa vibanzi. Ikabaki ya kuku. Watu wakang’ang’ana na waya, meli inazidi kulala, waya haufunguki. Wakaishusha hivyohivyo, watu juu ya matenga. Ilipogusa maji ikapinduka.

Maganga akazama, akaibuka, akazama tena. Makame akamfikia, akamlaza juu ya tenga la mbao lililochomoka, akawa analisukuma huku akipiga miguu.

“Mtani, niache. Kosa ni langu.”

“Nyamaza wewe. Nikikuacha, nani atanipikia?”

Wakaenda hivyo, wakitukanana kwa mapenzi, mpaka jua likapanda. Kisha Maganga akasikia nyuma yake kimya. Akageuka amtanie. Hakuona mtu.

Meli nyingine ilimwokota alasiri, bado amekumbatia tenga.

Maganga alikuja Pemba mwenyewe, bila kuitwa, akaketi mbele ya bibi yangu, mama yake Makame. Bibi akamuuliza, “Mwanangu si alijua kuogelea?”

“Alijua, mama. Nisiyejua ni mimi. Nilifuga kuku mahali pa watu, akaogelea yeye kwa ajili yetu wawili, nguvu zikamwishia.”

Bibi akalia, kisha akamwekea chakula. Na kila alipokuja tena, Maganga aliwaambia watoto wa nyumba ile maneno hayohayo, bila kucheka, mpaka yakawa methali.

Sasa nendeni mkatoe yale maboksi mlangoni. Afugaye kuku mashuani ajue kuogelea. Asipojua, kuna mwenzake atakayemwogelea.