Mtoto Asiye na Uzito

Asiyepima mtungi, humlowesha jirani. Mmeisikia leo hapa karakana, mwenzenu akimkemea mwenzake kwa programu iliyozimika, mkacheka mkidhani ni maneno ya wachota maji. Sivyo, wanangu. Methali hii ilizaliwa mbele ya kompyuta, na ilizaliwa kwa hasira. Chanzo chake ni hiki.

Huko milimani Rungwe palikuwa na zahanati iliyoletewa mashine mpya ya dozi za watoto. Mtoto analazwa juu yake, uzito unaingia. Muuguzi anaandika jina. Mashine inaonyesha kiooni dawa kiasi gani. Programu yake iliandikwa kwa lugha ya C na watu wawili: Lugano, mkubwa wa kazi, na Tusekile, mama kijana aliyeacha mtoto wa kunyonya nyumbani.

Lugha ile mnaijua, haibembelezi mtu. Kumbukumbu ya mashine ni vyumba vilivyopangwa mstari mmoja, visivyo na milango. Ukiiamuru inakili neno, itanakili herufi baada ya herufi, na mwisho itaweka sifuri, alama ya kufunga neno. Haiulizi kama mahali panatosha. Lugano alitenga vyumba kumi vya jina, na chumba kilichofuata akakipa uzito.

Tusekile akamwuliza, "Kaka, jina likijaza vyumba vyote, sifuri yake italala wapi?"

"Dada, hata sifuri unaiogopa?" Lugano akacheka. "Nani ana jina refu hivyo? Watu wanangoja mashine yao."

Tusekile akarudi kwenye kazi yake, lakini swali lile halikumtoka.

Siku ya kuzindua, wageni wamejaa ukumbini, Lugano na Tusekile wako kando ya mashine, akaingia mama mmoja anayeitwa Subilaga akikimbia, kanga imemlegea kiunoni. Mgongoni alikuwa na mwanawe, homa kali, macho yamegeuka. Sista Ikupa, muuguzi wa zamu, akamlaza mtoto kwenye mashine, akaandika jina: Ambilikile. Kioo kikajibu: UZITO SIFURI. DAWA HAIRUHUSIWI.

Akarudia. Sifuri. Akamgeuza mtoto, akarudia tena. Sifuri.

"Labda hukumlaza sawasawa," Lugano akasema, jasho likimtoka. Kisha akamgeukia mama. "Na wewe mama, jina gani hili? Si umwite Ambi tu?"

"Ambilikile ni babu yake!" Subilaga akafoka. "Nimkate babu wa watu ili mashine yenu ipumue? Eti mwanangu hana uzito! Haya, mpokee!" Akamnyanyua mtoto, akamtupia Lugano mikononi. "Mbebe! Mbebe, useme hana uzito!"

Lugano akasimama na mtoto yule anayeungua, asijue amshike vipi. Tusekile akamchukua, akamweka begani. Shavu la mtoto lilimchoma shingoni. Akahisi maziwa yakimjaa kifuani, na hasira ikapanda pamoja nayo.

"Sista, mizani ya kuning'iniza iko wapi?"

"Stoo. Tuliambiwa tusiiguse tena, dozi zote zipitie mashine."

"Itoe. Mpigie hesabu kwa mkono kama ulivyofanya miaka yote."

"Tusekile!" Lugano akamnong'oneza. "Mbele ya wageni? Utatutia aibu."

"Aibu?" Tusekile hakunong'ona. "Nilikuuliza sifuri italala wapi, ukanicheka. Leo imelala juu ya uzito wa mtoto wa mtu. Unaogopa wageni, huyu humwogopi?"

Mizani ikaletwa, mtoto akaning'inizwa, Sista akapiga hesabu na kuchoma sindano. Mtoto akalia. Kilio chembamba kwanza, kisha kikubwa, cha mtu mwenye madai. Subilaga akaketi sakafuni.

Ilipopita saa, homa ikaanza kushuka. Subilaga, mtoto mapajani, akataka kuelezwa. Lugano akaanza na maneno makubwa makubwa. Tusekile akamkatiza: jina lina herufi kumi, likajaza vyumba vyake vyote kumi, sifuri ya kulifunga ikakosa pa kukaa, ikaingia kwa jirani, kwenye uzito, ikaufuta.

"Kosa dogo sana, mama," Lugano akadakia. "La sifuri moja tu."

Subilaga akamtazama hata Lugano akainamisha macho.

"Kwetu, mtu akimimina maji bila kutazama mtungi, hulowa miguu yake mwenyewe, tukamcheka, yakaisha. Wewe umemimina, miguu yako mikavu. Aliyelowa ni mwanangu. Halafu waniambia ni tone."

Mashine ikafungwa siku ileile. Tusekile akaiandika upya sehemu ile: akapanua vyumba, akaweka nafasi ya sifuri, na akaiamuru mashine ipime kwanza kabla ya kunakili, jina lisipoenea iseme wazi, isilikate kimyakimya wala kulimwaga. Hakumwomba Lugano ruhusa.

Kwa hiyo mkisikia mtu anasema "kosa dogo tu", mwulizeni dogo kwa nani. Anayeandika amri yuko salama kitini pake. Maji huenda kwa yule aliyelala chumba cha pili, ambaye hata hajui kuna mtu anamimina. Asiyepima mtungi, humlowesha jirani.