Chui Anatafuta Mtani

Paukwa!
– Pakawa!
Masikio yapo?
– Yapo!
Na midomo?
– Tumeifunga!
Msiikaze sana. Mwishoni nitaiomba.

Hapo kale palikuwa na mwamba wenye mapango matatu: la juu, la kati na la chini. Humo walikaa pimbi, ukoo kwa ukoo, wafupi, wanene, wapenda jua. Asubuhi walianika matumbo yao, jioni waliitana majina.

Mwaka wa mvua ya mawe, Chui akautamani ule mwamba. Siku hiyo hakuwa na njaa. Angekuwa na njaa angekula mmoja, akalala. Aliingia pango la juu, puu! Akaingia la kati, puu! Akaingia la chini, puu! Jua lilipokuchwa, hapakuwa na wa kuita wala wa kuitika.

Alibaki kibinti mmoja tu, aliyejibana kwenye ufa mwembamba ambao mkono wa Chui haukuweza kupita. Akakimbilia ng'ambo ya mlima, akakulia huko, akaolewa huko, akazaa watoto watatu. Wakamwita Bi Pimbi.

Watoto wale hawakuwa na majina. Kwa pimbi, mtoto hurithi jina la marehemu wa ukoo wake, na jina hutolewa siku ya kuanua matanga, kwenye mwamba wa nyumbani. Na matanga ya wale waliouawa hayakuwahi kuwekwa. Basi Bi Pimbi akawa anaita hivi: "Wewe! Na wewe! Na wewe wa nyuma, njooni mle!" Akimtaka mmoja, wanakuja wote. Akimkemea mmoja, wanalia wote.

Siku moja akachoka. Akawabeba watoto, akarudi kwao, akamwendea Mzee Nungunungu, msimamizi wa mila.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka kuweka matanga ya ndugu zangu."

Mzee Nungunungu akatikisa miiba, kwacha-kwacha. "Maiti wako wapi? Chui anasema mwamba aliukuta mtupu. Hakuna maiti, hakuna matanga. Hakuna matanga, hakuna majina. Mila ni mila."

Bi Pimbi akaenda mwambani, akaingia kwenye ufa wake wa zamani, akasema kutoka mle ndani, "Bwana Chui, ndugu zangu wako wapi?"

"Ndugu gani?" akasema Chui, akipiga miayo. "Hapa hapajawahi kukaa pimbi. Halafu, binti, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo."

"Kama hapakuwa na kitu, hayo yaliyopita ni yapi?"

Chui akapeleka mkono kwenye ufa, kwaruzu! Haukufika. Bi Pimbi akatokea upande wa pili, watoto watatu wakimng'ang'ania mgongoni.

Akaenda kupumzika kwenye uwanja wa magadi, mahali ambapo wanyama wote hulamba chumvi na hakuna anayemla mwenzake. Hapo akaona kitu. Fisi alimpokonya Simba mfupa mdomoni, fyu! Simba akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Mshenzi huyu! Mtani wangu huyu!"

Na pembeni akamwona Chui akitazama. Mate yanamdondoka, to, to, to.

Bi Pimbi akatabasamu kidogo. Akasogea, akasimama nyuma ya Nyati kwa usalama zaidi.

"Bwana Chui, kumbe wewe huna mtani?"

"Sina," Chui akanung'unika.

"Masikini! Mkubwa mzima! Hata Fisi anaye."

"Mtani ana faida gani?"

"Unaingia kwake, unachukua unachotaka, na yeye haruhusiwi kununa. Sisi pimbi wa ng'ambo tunafuga mbuzi. Wako arobaini."

To, to, to. "Wanene?"

"Hata kutembea wanatembea kwa shida. Tuwe watani, bwana. Lakini lazima Mzee Nungunungu auandikishe utani wetu mbele ya wote."

"Mwite!" akanguruma Chui. "Mwite sasa hivi!"

Mzee Nungunungu akaja, kwacha-kwacha, na wanyama wakakusanyika.

"Utani hauji bure," akasema Mzee. "Hutoka kwenye ndoa, au hutoka kwenye vita. Wenu ni upi? Ndoa?"

"Mimi? Nioe kitu hiki?" Chui akabeua mdomo. Wanyama wakacheka.

"Basi ni vita. Mlipigana wapi?"

Chui akasita. Akamtazama Bi Pimbi. Bi Pimbi akaanza kujisemea, kama hamsemeshi mtu, "Arobaini. Na wengine wana mimba."

"Mwambani," akasema Chui. "Tulipigana mwambani."

"Lini?"

"Mwaka wa mvua ya mawe."

"Na nani?"

"Na pimbi."

Nyani akaacha kujikuna.

"Kwa hiyo pimbi walikuwepo pale?"

"Walikuwepo. Walijaa kama mchwa."

"Walikufa wangapi?"

Hapo Bi Pimbi akadakia. "Mzee, usimwamini, anajisifu. Labda alimuua kikongwe mmoja, tena mgonjwa."

"Mmoja?" Chui akaruka juu. "Mmoja? Pango la juu, wote! Pango la kati, wote! Pango la chini, wote, na watoto wao! Nilianza asubuhi, nikamaliza jua linakuchwa!"

"Vizuri," akasema Mzee Nungunungu, maana alikuwa mtu wa utaratibu. "Mila inataka hesabu ya pande zote mbili. Chui walikufa wangapi?"

"Chui?"

"Ndiyo. Upande wako."

"Hakuna."

"Waliojeruhiwa?"

Chui akafikiri. "Ukucha wangu mmoja ulikatika."

Mzee Nungunungu hakutikisa miiba. Ilikuwa imelala yote, kama nyasi zilizonyeshewa. "Vita gani hiyo," akauliza polepole, "wanakufa wa upande mmoja tu?"

Kisha Nyani akasema, huku akitazama chini, "Siku ile nilisikia vilio. Nikawaambia wanangu ni upepo."

"Nami nilisikia," akasema Nyati.

"Nilikuwa natania!" akapiga kelele Chui. "Natania tu, jamani!"

"Unatania vipi," akasema Mzee Nungunungu, "na utani bado hujapewa? Nimeukataa. Ile haikuwa vita, yalikuwa mauaji. Maiti wapo. Maiti wakiwapo, matanga yapo. Matanga yakiwapo…" Akawatazama wale watoto watatu. Akamgeukia Bi Pimbi. "Mwanangu, nisamehe. Nilipaswa kuuliza zamani."

Nyati na wenzake wakatangulia kwenda mwambani, bega kwa bega. Chui alipoona pembe zile, akashika njia ya porini, bila mwamba, bila mtani, bila hata mguu wa mbuzi. Inasemekana Chui humwambia kila anayekutana naye kwamba mwamba aliukuta mtupu. Wanamjibu, "Mwaka wa mvua ya mawe?" Naye hukimbia.

Matanga yakawekwa. Bi Pimbi akataja majina yote, pango kwa pango, na wanyama wote wakayarudia. Siku ya kuanua, akamshika mtoto wa kwanza. "Wewe ni Zamoyoni, jina la mama yangu." Wa pili, "Wewe ni Semeni, jina la dada yangu." Wa nyuma, "Wewe ni Kondo, jina la kaka yangu aliyenisukumia kwenye ufa."

Jioni ile akasimama juu ya mwamba, akaita, "Kondo!" Akaja mmoja tu.

Majina mengine yamebaki mengi. Na pimbi bado wanazaa.

Hadithi imefika ukingoni. Mzuri aichukue, mbaya aiache hapo mlangoni, tutamrudishia kesho.

Na funzo lake ni hili, wanangu: yaliyopita yamepita. Ni adabu mbaya kuwakumbusha wakubwa mambo ya zamani. Kwa hiyo haya yote niliyowaambia, myasahau. Mmeshayasahau?
– Hatujayasahau!
Hata majina?
– Zamoyoni! Semeni! Kondo!
Tazama watoto hawa wasivyosikia! Haya, semeni tena, kwa sauti, nione kama kweli mmesahau.