Mheshimiwa wa Juu ya Jabali

Hapo zamani za kale, wanangu, wakati wanyama walipokuwa wakitoleana mahari na kusutana kisimani, kiangazi kilikausha mito yote ya nchi yao. Likabaki bwawa moja. Na ndani ya bwawa hilo akabaki Kiboko.

Kiboko hakuwa mbaya. Alikuwa na raha zake tu, na raha ya mkubwa hutaka nafasi. Asubuhi alijitupa majini, chubwi! Mchana kutwa akagaagaa, akakoroga tope, akapuliza mapovu, blubu-blubu-blubu, akacheka peke yake. Mkewe alijibanza pembeni. Wengine walichota tope, wakashukuru.

Pimbi, mnyama asiyezidi sungura kwa umbo, aliishi na watoto wake kwenye jabali lililolitazama bwawa. Lile tope liliwaharisha watoto. Asubuhi moja kitindamimba hakuamka kudai uji. Alilala tu, midomo imekauka. Pimbi akamtazama, akatwaa kibuyu, akashuka.

"Hodi, kaka Kiboko."

"Hodi ya nini? Hapa si kwenu."

"Naomba maji safi, kaka. Mtoto anaumwa."

"Si hayo hapo? Chota."

"Hili ni tope. Ungetoka kidogo tu, yakatulia..."

"Nitoke!" Kiboko akacheka mpaka mawimbi yakampiga Pimbi kifuani. "Niende wapi mimi? Nina kazi gani huko nje?"

Pimbi alirudi nyumbani akilitafuna swali hilo. Kweli, Kiboko hakuwa na kazi. Alikuwa na maji, nyasi, mke na usingizi. Ukimtisha, ana meno. Ukimhonga, utampa nini? Alikosa kitu kimoja tu maishani, na hakujua kwamba amekikosa, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwambia.

Kesho yake Pimbi alifika bwawani na kilemba cha majani, akifuatana na Kwarara, yule ndege mwenye sauti ya kutoboa masikio. Akapiga magoti ukingoni.

"Shikamoo, Mheshimiwa!"

Kiboko akageuka kutazama nani yuko nyuma yake. "Unamwamkia nani?"

"Wewe! Wanyama wamekaa kikao kumtafuta Mkuu wa Bwawa. Jina lako limepita bila kupingwa."

Waliokaa kikao ni Pimbi na Kwarara. Kwa desturi za nchi ile, akidi ilitimia.

"Mkuu wa Bwawa anafanya nini?"

"Hafanyi kitu, Mheshimiwa. Anakaa."

"Hata sasa nimekaa."

"Umekaa chini. Mkuu hukaa juu." Pimbi akanyoosha mkono kwenye paa la nyumba yake, jabali tupu linalong'aa juani. "Na kila siku ataletewa fungu la nyasi zilizokatwa."

"Nyasi? Nyasi mimi nakula bure bondeni."

"Hizo ni nyasi za kila mtu, Mheshimiwa. Hizi ni za cheo."

Kiboko akatupa jicho bondeni. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, aliona haya kwa nyasi alizokula.

"Lakini kama una shughuli nyingi," Pimbi akasema huku akiinuka, "Kifaru ameshaomba nafasi hiyo."

Chwaaa! Maji yalipotulia, Kiboko alikuwa nusu ya njia kuelekea jabalini.

Wakamvika kilemba, wakamkalisha juu ya jiwe walilolipa jina la kiti. Kwarara akapiga king'ora: "Haaa! Ha-ha-haaa!" Pimbi akamsomea masharti ya kazi. Mkuu haogi mbele za watu. Mkuu hashuki jua likiwa juu, wageni wasije wakakuta kiti kitupu. Mkuu hacheki ovyo.

"Hata kidogo?"

"Anaweza kutabasamu, Mheshimiwa, akiwa na wageni kutoka nchi za mbali."

Juu ya jabali, wanangu, pimbi huota jua wakasinzia kwa utamu. Kiboko aliumbiwa maji. Kabla adhuhuri haijafika, lile jasho jekundu la viboko lilikuwa likimchuruzika.

"Pimbi! Mgongo unaniwaka!"

"Ndio uzito wa madaraka, Mheshimiwa."

"Aa. Nilidhani ni jua."

Huko chini tope lilituama. Maji yakawa meupe, mtu angeweza kuhesabu kokoto. Pimbi alijaza kibuyu, akakimbia. Kitindamimba akanywa, gudu-gudu-gudu, akapumua, akanywa tena. Siku zilipopita akaanza kudai uji, kisha akadai na asali. Pimbi akajua amepona.

Mheshimiwa naye aliendelea kupanda cheo kwa kukonda. Jioni alishuka akajimwagia maji haraka haraka kama mwizi, akarudi juu kulala kando ya kiti, asije Kifaru akakikalia. Mafungu ya nyasi za cheo yalirundikana mpaka yakawa kichuguu. Zilikuwa zimekauka, haziliki. Lakini mtu akizisogelea alimkaripia: "Hizo ni zangu!"

Siku moja mkewe alikuja akasimama chini ya jabali.

"Baba Watoto, shuka."

"Mama Watoto, unasema na Mkuu wa Bwawa."

"Nasema na mume wangu, ambaye ngozi inampasuka kama shamba la kiangazi. Huko juu unafanya kazi gani?"

Kiboko akafikiri sana. "Naamkiwa," akasema.

"Zamani ulikuwa unacheka mpaka watoto wanaamka."

"Zamani sikuwa mtu."

Yule mama hakuwa mjinga. Akamgeukia Pimbi. "Shemeji, hicho kikao kilikaliwa wapi? Mbona sisi wa bwawani hatukuitwa?"

Kiboko naye akageuza kichwa. Kwa mguu mmoja tu angeweza kumfanya Pimbi kuwa doa juu ya jiwe, na Pimbi alilijua hilo. Akaitazama ile ngozi iliyopasuka. Akamwaza mwanawe, mzima, anacheza. Uongo ulikuwa umemaliza kazi yake.

"Kikao nilikaa mimi na Kwarara," akasema. "Kilemba nimekisuka mimi. Ulitukalia maji, kaka Kiboko, na mwanangu alikuwa anakufa. Hakuna Mkuu wa Bwawa. Hajawahi kuwapo. Shuka ukaoge, utuachie upande mmoja tu tuchote."

Pimbi akafumba macho, akangoja mguu.

Mguu haukuja. Kilichokuja ni Kifaru, ametokea kichakani anahema, vumbi limemjaa usoni.

"Nimesikia anashuka!" akasema. "Kama anashuka, mimi nipo tayari!"

"Nani anashuka?" Kiboko akarukia kiti, akakikumbatia kwa miguu yote minne. "Nani kasema nashuka?"

"Baba Watoto, hujasikia? Cheo chenyewe hakipo!"

"Hakipo kivipi, na Kifaru anakitaka?" Kiboko akanyoosha kilemba. "Kikao kilikuwa halali! Haya mengine ni maneno ya wivu. Pimbi, nakuonya: ukirudia kusema hakuna Mkuu wa Bwawa, nitakuchukulia hatua. Kwarara! Piga!"

"Haaa! Ha-ha-haaa!"

Pimbi akafumbua macho. Akamtazama mke wa Kiboko, mke wa Kiboko akamtazama yeye. Kisha wakashuka pamoja bwawani, wakagawana: upande huu wa kuogea, upande ule wa kuchotea. Ilichukua muda mfupi kuliko kumvika mtu kilemba.

Kifaru hakuondoka. Alibaki chini ya jabali, shingo juu, anatazama ile ngozi inayovuja, lile lundo la nyasi kavu, ule uso uliosahau kucheka.

"Mheshimiwa," akauliza kwa adabu, "huko juu kuna raha?"

Kiboko akatazama maji. Akameza mate, ambayo hayakuwapo.

"Raha?" akasema. "Raha ni ya hao wasio na kazi."

"Aha," akasema Kifaru. "Basi ukifa, usinisahau."

Nanyi mnaotaka kukua haraka shikeni hili, kisha mkalale: kilemba humpa aliyekivaa watu wa kumwamkia, hakimpi kivuli.