Kalunguyeye Kwenye Mkutano wa Washona Wanasesere

— Paukwa!
— Pakawa!
— Kukawa na nini?
— Kukawa na sindano!
— Na uzi je?
— Uzi unao wewe, tushonee!

Haya, sogeeni. Hapo kale, kale ambayo hata wahenga waliikuta imeshachakaa, palikuwa na Kalunguyeye. Kanyama kadogo, pua imechongoka, mgongo wote miiba. Aliishi peke yake ndani ya kichuguu kilichohamwa na mchwa. Mama yake alikuwa amekufa siku nyingi. Majirani hakuwa nao, maana kila aliyehamia karibu alichomwa mara ya kwanza akanyamaza, akachomwa mara ya pili akaguna, ya tatu akafungasha.

Asiye na wa kuzungumza naye hujitafutia. Kalunguyeye akaanza kushona wanasesere. Akaokota vitambaa vilivyotupwa, akang'oa mwiba mmoja ukawa sindano, akashona: chwi, chwi, chwi. Nywele akatia katani, macho akatia mbegu za tikiti, tumbo akalijaza mtama ili mwanasesere akipakatwa awe mzito kama mtoto. Akamaliza wa kwanza, akamwambia, "Hujambo?" Kimya. Akamaliza wa pili, akamwambia, "Habari za kutwa?" Kimya. Akamaliza wa tatu, wa nne, wa tano. Nyumba ikajaa wanasesere, na kimya nacho kikajaa.

Siku moja Njiwa akapita angani akitangaza:

"Kuu-ku-kuu! Mafundi wa wanasesere! Mtama ukishavunwa mkutane Jabali Jekundu! Kila fundi aje na mwanasesere mmoja. Mwisho wa mkutano mtabadilishana, kila mmoja arudi kwake na aliyetengenezwa na mwenzake! Kuu-ku-kuu!"

Yale maneno ya mwisho yalimganda Kalunguyeye. Aliyetengenezwa na mwenzake! Alitazama nyumba yake. Kila kilichokuwamo, toka mkeka mpaka kijiko, alikuwa amekitengeneza yeye. Hapakuwa na kitu hata kimoja kilichopita katika mikono ya mwingine.

Mtama ukavunwa. Akambeba mwanasesere wake mzuri kuliko wote, mwenye gauni jekundu na kilemba, aliyempa jina Tunu. Akatembea siku mbili, tipu tipu, tipu tipu, mpaka Jabali Jekundu.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu, karibu dada, pita u— Aa! Taratibu, mwenzetu!"

Huyo alikuwa Pimbi, msuka wanasesere wa nyasi. Kalunguyeye akakaa karibu naye.

"Dada, sogea kidogo," akasema Pimbi. "Unachoma."

Kalunguyeye akasogea, akakaa karibu na Kuchakulo, kindi mshona wanasesere wa magome.

"Dada, sogea kidogo," akasema Kuchakulo. "Unachoma."

Akasogea tena. Akasogea mpaka safu ikaisha. Mwishoni kabisa alikuwa amekaa Kobe, mfinyanzi wa wanasesere wa udongo. Kalunguyeye hakumkaribia. Alikaa hatua tatu mbali naye, asije akaambiwa tena. Akampakata Tunu, akawa anasikiliza wenzake wakicheka na kuulizana, "Wako umemtia nini?" "Ulezi. Na wako?" Kwake hapakuulizwa kitu.

Mara vichaka vikatikisika. Kracha! Kracha! Akatokea Nyani. Nyani mwenye kifua kama pipa na meno kama majembe.

"Mimi ni mkaguzi!" akanguruma.

"Mkaguzi wa nini, Bwana Nyani?" akauliza Pimbi.

"Mkaguzi wa matumbo. Mwanasesere mwenye tumbo bovu huleta maradhi. Wekeni wote chini!"

Nani angembishia? Wakaweka. Nyani akamwinua mwanasesere wa Pimbi, akampasua tumbo: chaaara! Ulezi ukamwagika. Nyam, nyam, nyam, akautafuna wote.

"Huyu hajafaulu!" akasema, akatupa ganda.

Akamwinua wa Kuchakulo, akampasua tumbo: chaaara! Zikamwagika karanga. Nyam, nyam, nyam.

"Huyu naye hajafaulu!"

Akamwinua wa Kobe, akamgonga juu ya jiwe: paa! Vigae vikatawanyika. Ndani mlikuwa na upepo tu.

"Huyu hata tumbo hana! Hajafaulu kabisa!"

Kuchakulo alikuwa akilia waziwazi. Kobe aliinama, akaokota kigae chenye jicho moja, akakishika tu. Kalunguyeye aliona mstari uliobaki, wanasesere tisa, na Tunu akiwa wa mwisho. Akajua wakiisha hapatakuwa na cha kubadilishana. Safari yake ya siku mbili ingeishia tumboni mwa Nyani, naye angerudi kichuguuni mikono mitupu.

Lakini karanga, ndugu zangu, hukausha koo. Nyani akakohoa, akakohoa tena.

"Nakwenda mtoni kunywa maji," akasema. "Nikirudi namalizia ukaguzi. Atakayekimbia nitalikagua tumbo lake mwenyewe!"

Alipotokomea, watu wote wakaanza kusema kwa pamoja. Kalunguyeye akasema, "Nina shauri." Hakuna aliyemsikia. Akasema tena kwa sauti kubwa, mpaka mwenyewe akashtuka, kwa kuwa hakuwa ameipaza sauti yake miaka mingi: "Nina shauri! Nivalisheni gauni la Tunu, mnilaze kwenye mstari. Nyani akirudi mwambieni jambo moja tu: asiniguse."

"Asikuguse?" akashangaa Pimbi.

"Asiniguse kabisa."

"Shauri zuri," akasema Kuchakulo. "Lakini nani atakuvalisha?"

Wakatazamana. Huyu akaangalia mikono yake, yule akaificha nyuma.

"Mimi," akasema Kobe. "Ngozi yangu imeshakuwa gamba. Simama wima, dada. Laza miiba."

Akamvalisha gauni, akamfunga kilemba, akakikaza. "Nimekuumiza?"

"Wewe, uniumize mimi?" akasema Kalunguyeye.

Wakamficha Tunu chini ya majani. Kalunguyeye akalala kwenye mstari, miguu ameikunja, macho makavu hayapepesi. Nyani huyo akarudi, maji yakimchuruzika kidevuni.

"Haya! Nani anafuata?"

"Kagua wote, Bwana Mkaguzi," akasema Pimbi, "isipokuwa yule mwenye gauni jekundu. Yule tafadhali usimguse."

"Kwa nini nisimguse?"

"Amejazwa korosho na asali," Kobe akadakia. "Tumemwekea Simba."

"Simba?" Nyani akameza mate, gulu! "Simba anajua nini kuhusu matumbo? Asiyeguswa ndiye wa kukaguliwa kwanza!"

Akamkwapua Kalunguyeye kwa mikono miwili, akamkumbatia kifuani asije akanyang'anywa. Kwa kitambo kidogo Kalunguyeye alisikia joto, na moyo ukidunda karibu na sikio lake, du, du, du. Hakuwa amepakatwa tangu mama yake afe. Akasikitika kwamba kifua chenyewe ni cha Nyani.

Nyani akapanua kinywa, akauma. Kalunguyeye akasimamisha miiba yote kwa pamoja. Chwaaa!

"Uwiii! Uwii-wii-wii!"

Miiba ikaingia midomoni, ikaingia puani, ikaingia viganjani. Kila alivyomsukuma ndivyo alivyochomwa. Toka ndani ya gauni sauti ndogo ikauliza kwa adabu:

"Bwana Mkaguzi, umekagua?"

"Mmmh! Mmmh!"

"Nimefaulu?"

"Mmm-mmmh!"

"Basi sema vizuri wenzangu wasikie."

"U-me-fau-lu!"

"Na wenzangu?"

"Wa-me-fau-lu wo-te!"

Hapo Kalunguyeye akailaza miiba, akaanguka chini, pu! Nyani akatoka mbio, midomo imevimba kama viazi, kracha, kracha, kracha, mpaka leo hajakanyaga tena Jabali Jekundu.

Vigelegele vikapigwa! "Mwinueni! Mwinueni juu!" Wakamkimbilia Kalunguyeye wote, mikono ikanyooshwa, ikafika karibu, ikasita, ikarudi. Wakapiga makofi badala yake. Wakampigia makofi kwa mbali, kwa muda mrefu, naye akasimama katikati ya duara na gauni lake lililotoboka, akisema, "Ahsanteni. Ahsanteni sana."

Wakashona matumbo yaliyopasuliwa, kisha wakabadilishana. Pimbi akachukua wa Kuchakulo, Kuchakulo akachukua wa Pimbi. Kalunguyeye akamtoa Tunu kwenye majani, akamvalisha tena gauni lake, akamkabidhi Kobe.

"Mimi sina cha kukupa," akasema Kobe. "Wangu ni vigae."

"Haidhuru," akasema Kalunguyeye, ingawa ilimdhuru.

"Haidhuru nini? Mto uko pale na udongo upo. Ila udongo haukauki kwa siku moja, dada. Itabidi ungoje."

"Nitangoja."

Wengine wakafunga mizigo, wakaaga, wakaondoka. Wakabaki wawili. Kobe akafinyanga kichwa, akafinyanga mikono, akamweka mwanasesere juani. Kalunguyeye akakaa karibu naye, wala si hatua tatu. Mara moja mwiba uligusa gamba, ti! Kobe hata hakugeuka. Alikuwa akisimulia habari za mfinyanzi mmoja wa kwao aliyekuwa akisahau kutia pua.

Siku ya pili jua likawaka. Kalunguyeye akaugusa udongo, akaomba moyoni mawingu yatande. Hayakutanda. Siku ya tatu mwanasesere alikuwa mkavu kabisa, na ukimgonga alilia ngo, ngo.

"Mimi kwetu ni macheo," akasema Kobe.

"Mimi ni machweo," akasema Kalunguyeye.

Wakaagana asubuhi. Kobe akashika njia, kwata, kwata, na Tunu mgongoni. Kalunguyeye akasimama akimwangalia. Na Kobe, kama mjuavyo, hana haraka. Jua lilipanda, likafika utosini, Kobe bado anaonekana pale chini ya kilima. Kalunguyeye akampungia mkono, akampungia tena, akangoja mpaka kile kidoa kikamezwa na nyasi. Ndipo akamkumbatia mwanasesere wa udongo, akageuka, akaanza safari yake.

Hadithi imefika kwake, nami nafika kwangu. Iliyo tamu chukueni, iliyo chungu niachieni.

— Na funzo lake?

Funzo! Funzo ni kwamba wakaguzi waheshimiwe. Mkaguzi akitaka kuuma, msimzuie, mwacheni aume. Tena kaeni majumbani kwenu, mikutanoni hakuna faida. Na mkiambiwa "sogea, unachoma," basi sogeeni.